Maswali ya wasomaji: lenzi za macho na mfuko wako

Mwezi huu nimefungua kapu la maswali nikakuta karibu yote yanalia kitu kimoja, hela. Lenzi ghali, dawa ya kuoshea ghali, kupimwa ghali, dada tupunguze wapi. Sawa. Ila nirudie tena kwa wageni, mi sio daktari, nimekaa kaunta ya duka la miwani miaka kibao na lenzi nazivaa mwenyewe toka nikiwa binti, kwahiyo haya ni maneno ya mtu aliyeuza na aliyenunua. Jicho likiuma mpelekee mwenye kazi yake, usiniandikie mimi. Haya.

Dada habari. Mi navaa lenzi siku tatu tu kwa wiki, nikiwa na mtoko au mazoezi, siku zingine miwani. Nanunua zile za mwezi sababu bei ya za siku moja nikiiangalia nashtuka. Ila kila nikigeuka nanunua dawa ya kuoshea, na lenzi zenyewe natupa zikiwa bado kama mpya. Nakosea wapi? – Mtu wa mtoko

Nzuri mdogo wangu. Unakosea pale pale wanapokosea wengi, unalinganisha boksi na boksi. Boksi la za mwezi mara nyingi lina lenzi 6, la za siku moja lina 30 au 90, sasa ukiziweka bega kwa bega unalinganisha nini? Cha kulinganisha ni siku unayovaa. Yani ukitoa hela zote za mwaka mzima ukagawanya kwa siku ulizokuwa na lenzi jichoni, siku moja imekugharimu ngapi.

Na hapo ndipo lenzi ya mwezi inapokula hela ya mtu kama wewe kimyakimya, maana ile ukishabandua foili yake saa imeanza kuhesabu, siku 30, uwe umeivaa mara 30 au mara 4 yenyewe haijui kwamba jana ulivaa miwani. Anayevaa kila siku anapata siku 30 zake zote, wewe unapata kama 13 alafu unatupa, afu juu yake kuna dawa. Chupa ya dawa nayo ikishafunguliwa ina ukomo wake, nyingi zimeandikwa utupe baada ya siku 90 hata kama imebaki nusu, soma kwenye lebo yako. Na lenzi zikikaa kwenye kikasha siku kadhaa hauzivai, dawa inabidi ubadilishe kabla ya kuvaa kama lebo inavosema, kwahiyo hata siku ambazo hujavaa unatumia.

Sasa chukua karatasi, hii hesabu nimewafanyia wateja mpaka nimeikariri. Jumlisha matumizi ya mwaka ya lenzi za mwezi: lenzi 24, ambayo ni maboksi 4 ya 6, weka chupa zote za dawa unazonunua kwa mwaka, weka na vikasha, sababu kikasha nacho angalau kila miezi mitatu kinabadilishwa. Umepata jumla. Sasa tafuta bei ya jozi moja ya lenzi za siku moja, boksi la 30 ni jozi 15 kwahiyo gawanya bei ya boksi kwa 15. Mwisho chukua ile jumla ya kwanza igawanye kwa bei ya jozi. Jibu utakalopata ni idadi ya siku. Ukivaa pungufu ya hizo siku kwa mwaka basi za siku moja ni nafuu kwako, ukivaa zaidi baki na za mwezi. Wewe wa siku tatu kwa wiki unavaa siku 156 kwa mwaka, kwahiyo jibu likija 170 hama, likija 120 tulia hapohapo ulipo. Tumia bei za duka unalonunua wewe, usitumie za jirani.

Kingine angalia namba zako, kama jicho la kulia na kushoto namba ni moja na vipimo vingine vyote vinafanana, hauhitaji maboksi mawili, nunua moja utumie macho yote. Utashangaa ni watu wangapi wana namba sawa na wananunua mawilimawili kwa mazoea tu. Na boksi la 90 kwa kawaida kila lenzi inakuja rahisi kuliko la 30, ila hakikisha tarehe ya mwisho iko mbali.

Anayevaa kila siku yeye hesabu yake inageuka, anahitaji lenzi 730 za siku moja kwa mwaka, hapo mara nyingi za mwezi zinashinda. Mara nyingi, sio mara zote, sababu kuna watu wa kupoteza lenzi kwenye sinki kila wiki na kuna watu wavivu wa kuosha, hao za siku moja zinawaokoa.

Shikamoo anti. Nina cheti cha miwani cha mwaka huu, macho yote -6.00. Mtandaoni nimeona lenzi bei nusu ya dukani. Naweza kujaza namba hizohizo nikakwepa hela ya kupimwa lenzi? – Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Usijaze. Na umempata mtu sahihi, maana mi miwani yangu ni -6.00 na lenzi zangu ni -5.50, jicho ni lilelile. Miwani inakaa mbele ya jicho kama milimita 12 hivi, lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe, huo umbali mdogo kwenye namba ndogo haukusumbui ila ukishavuka 4.00 namba inabadilika. Ukijaza -6.00 utavaa lenzi kali kuliko unavohitaji, kichwa kitagonga, utaagiza nyingine, na ule unafuu umeishia hapo.

Alafu cheti cha miwani hakina vitu viwili ambavyo lenzi haiendi bila hivyo. Kwenye boksi utaona BC, huo ni mkunjo wa lenzi, mfano 8.4 au 8.6, na DIA ni upana wake, mfano 14.2. Mkunjo ukiwa sio wako lenzi inabana au inateleza ovyo. Hivi vinapatikana mtu akikuwekea lenzi jichoni akaangalia inavokaa, kwa macho tu hakuna anayeweza kukuotea.

Kwahiyo hela ya kupimiwa lenzi ilipe, ila ilipe kwa akili. Kabla ya kukaa kwenye kiti uliza bei inajumlisha nini, kupima macho na kupimiwa lenzi ni vitu viwili na sehemu nyingi vina bei mbili, na kurudi kuangaliwa tena kumo au ni hela nyingine? Omba lenzi za kujaribia, watengenezaji wanazitoa kwa wapimaji kwa ajili hiyo, vaa siku kadhaa ndo ununue boksi, usinunue boksi la lenzi ambayo hujashinda nayo siku nzima ikakuchosha ukaijua. Na ukimaliza omba karatasi yako ya lenzi, iwe na jina la lenzi, namba ya kila jicho, BC, DIA, na kama una CYL na AXIS, yani namba za astigmatizimu (mkunjo wa jicho usio sawa pande zote), ziwepo. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto, watu wanazigeuza kila siku. Hiyo karatasi ndo uhuru wako wa kulinganisha bei, bila hiyo umefungwa duka moja. Wengine wanaona aibu kuiomba, usione, Marekani kuna sheria iliyopitishwa 2003 inayomlazimu aliyekupimia lenzi akupe nakala hata kama hujaiomba. Ulipo wewe sheria ikiwa kimya, omba tu kwa heshima.

Ukishakuwa nayo nenda mtandaoni kwa raha zako. Ila ile bei nusu ijumlishe na usafiri, na ushuru kama mzigo unatoka nje, ndo ulinganishe. Muuzaji asiyeuliza karatasi kabisa mkimbie. Na mzigo ukifika kabla hujafungua kitu soma boksi, namba za macho yote, BC, DIA, EXP yani tarehe ya mwisho, na foili zote ziwe hazijaguswa.

Dada mjomba wangu anasema enzi zao lenzi walikuwa wanaosha kwa maji na chumvi, hii ya kununua chupa ni wizi. Pia za mwezi navaa miezi miwili na hazijawahi kuniuma. Hapo si nimeokoa? – Bana matumizi

Mjomba hajakudanganya lakini amekupa nusu ya habari. Ni kweli zamani lenzi laini zilikuwa zinauzwa na vidonge vya chumvi vya kutengenezea maji yake na lenzi zinapikwa kwa joto kwenye kimashine, lile joto ndo lilikuwa linaua wadudu. Chumvi haiui kitu. Miaka ya 80 Marekani watu walianza kuugua konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa kimdudu kinaitwa Acanthamoeba na wengi wao walikuwa wanatengeneza maji ya chumvi nyumbani. Hako kamdudu kanaishi kwenye maji ya kawaida, ya bomba, ya kuoga, ya kuogelea, na kakiingia kwenye konea matibabu yanaweza kwenda miezi na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Hata yale maji ya chumvi safi ya dukani ni ya kusuuzia tu, hayaui. Mate ndo usiseme.

Na hilo la miezi miwili, kaka, kutouma sio ushahidi. Lenzi inajaza uchafu taratibu na jicho linazoea taratibu, siku likiacha kuzoea utalipa daktari, dawa, na wiki kadhaa za miwani tu. Hapa mi sina huruma kabisa, mtu anayeongeza siku za lenzi hajaokoa, amekopa kwenye jicho lake. Kulala nazo hivyohivyo, shirika la afya la Marekani la CDC linasema kulala na lenzi kunaongeza hatari ya maambukizi mara 6 mpaka 8. Na kuongezea dawa mpya juu ya ya jana ili chupa iende mbali, acha, dawa ya jana imeshafanya kazi na nguvu imeisha, mwaga yote weka mpya. Kikasha kisuuze kwa dawa, sio maji ya bomba, kiache wazi kikauke kimegeuzwa juu chini.

Unataka kupunguza kwenye dawa? Nunua chupa mbili kwa pamoja zikiwa na ofa kama unazimaliza kwa wakati. Dawa yenye jina la duka nayo inaweza kuwa nafuu, muulize anayekupima kama inaendana na lenzi zako ndo uhame. Ila dawa ya peroksaidi usiibadilishe kichwakichwa, ile ina kikasha chake maalum chenye kidude cha kuipoza, inahitaji kama masaa 6, ukiitia jichoni kabla haijapoa au ukaiweka kwenye kikasha cha kawaida utaruka ukuta.

Lenzi zenye jina la duka ni feki? Bei iko chini sana. – Mwenye wasiwasi

Sio feki. Watengenezaji wakubwa duniani ni wanne, Johnson & Johnson, Alcon, CooperVision na Bausch + Lomb, na nyingi ya lenzi zenye jina la duka zinatoka kwenye viwanda vya wakubwa, jina tu ndo limebadilika. Ujanja ni kusoma jina la plastiki yenyewe, sio jina la boksi. Pembeni limeandikwa kwa herufi ndogo, linaishia na filcon, mfano comfilcon A, senofilcon A, etafilcon A. Ukikuta plastiki ni ileile, BC ileile, DIA ileile, basi nenda kwa anayekupima na maboksi yote mawili umuulize kama ni lenzi moja. Akisema ndio umeokoa. Ila usihame kimyakimya, kuna ambazo plastiki inafanana na umbo ni lingine. Ubaya wake ni kwamba lenzi ya jina la duka unaipata duka hilo tu, kulinganisha bei na kwingine inakuwa shida, kwahiyo ofa ikiisha umebaki nao.

Jina kubwa nalo lisikutishe. Lenzi laini za kisasa Mcheki mmoja, Otto Wichterle, alizitengenezea nyumbani kwake 1961 na mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli. Huwa nafurahi sana nikikumbuka hilo nikiwa mbele ya kabati la vioo lenye taa.

Nimeambiwa nina astigmatizimu kidogo, -0.50 jicho moja, nichukue lenzi za toriki, zile za astigmatizimu, bei imepanda ghafla. Lazima? – Nimeshtuka

Mara nyingi sio lazima. Kwa -0.50 wapimaji wengi wanajaribu kwanza lenzi ya kawaida na kuongeza namba kidogo, mfano -2.50 yenye -0.50 inavalishwa -2.75 ya kawaida. Muulize hivi: naomba nijaribu ya kawaida wiki moja nione kama inanitosha. Ukiona sawasawa umemaliza. Kuanzia -0.75 kwenda juu toriki inaanza kuwa na maana. Na wenye astigmatizimu kubwa waulize kuhusu lenzi ngumu zinazopitisha hewa, mwanzo zinasumbua wiki kadhaa na bei ya kwanza ni kubwa, ila jozi moja inaweza kukaa mwaka, miwili, hata zaidi, igawanye hiyo kwa siku kama tulivofanya juu.

Nina miaka 46, navaa lenzi za mbali vizuri ila saivi simu naisogeza mpaka mkono unaisha. Nimetajiwa lenzi za maltifokali, zile za mbali na karibu kwa pamoja, nikaona bei nikatoka nje. Kuna njia? – Mkono mfupi

Karibu kwenye chama, tupo wengi hahaha. Njia zipo mbili za nafuu na zote hauhitaji kubadilisha aina ya lenzi. Ya kwanza, baki na lenzi zako za mbali hizohizo alafu ukitaka kusoma vaa miwani ya kusomea juu yake. Ndo nayotumia mimi, ninazo tatu, moja kila mkoba, na bado kila siku naitafuta.

Ya pili inaitwa monovisheni, jicho moja linawekewa lenzi ya mbali na lingine lenzi ya karibu, ubongo unachagua wenyewe. Ni lenzi za kawaida kwa bei ya kawaida. Wengine wanaizoea ndani ya wiki mbili, wengine hawaizoei maisha, hasa kuendesha gari usiku na kukadiria umbali. Kwahiyo hii ijaribu kwa lenzi za majaribio, na kwenye gari usikimbilie mpaka ujue unaonaje. Zote zikishindikana ndo urudi kwenye maltifokali, na hapo napo omba ujaribiwe kwanza, maana zina lawama nyingi za kutoona vizuri mwanga ukiwa mdogo.

Anti nataka za rangi tu, macho yangu mazima, saluni wanauza bila kupima bei poa. – Mrembo

Usinunue. Hata isiyo na namba inakaa juu ya konea na ina BC na DIA kama zingine. Kapimwe, nunua panapouzwa lenzi, na ya rafiki yako usivae hata kwa picha moja.

Duka langu wananipa punguzo nikichukua za mwaka mzima. Nichukue? – Mpenda ofa

Inategemea namba yako imetulia au bado inatembea. Mi nshaliwa hapa, namba yangu ilikuwa inapanda kila mwaka na naijua, nikaona ofa nikabeba maboksi kumi na mbili, miezi mitano mbele napimwa imebadilika. Lenzi zenyewe hazikuwa na shida, foili ikiwa haijafunguliwa zinakaa miaka, shida ilikuwa jicho langu. Kwahiyo kama miaka miwili iliyopita namba haijasogea, chukua, mara nyingi punguzo la mwaka ni zuri, na uliza pia kama mtengenezaji ana marejesho ya hela kwa anayenunua kwa wingi, kuna nyakati wanayatoa na hela unaidai mwenyewe baadae kwa fomu, wengi wanasahau kuijaza. Kama namba inatembea, au umri chini ya ishirini, chukua ya miezi sita. Na kama karatasi yako ya vipimo inakaribia kuisha muda, pima kwanza ndo ununue, usinunue kwanza.

Alafu swali moja la kumuuliza muuzaji kabla hujatoa hela: namba ikibadilika maboksi ambayo sijayafungua unanibadilishia? Kuna wanaokubali. Akisema ndio mwambie aandike nyuma ya risiti, na usiandike chochote kwenye maboksi.